Tuuze lupango, kiwanja chetu, ili twende India kutafuta mtoto?

Mama mshauri,

Nakusalimu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mama wa miaka 36, nauza vitenge soko la Kenya, hapahapa mjini. Bwana yangu ana miaka 43, anafanya kazi kwenye kampuni ya madini Kolwezi na hurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tulifunga ndoa mwaka 2017. Mwaka uliofuata nilipata mimba ikatoka, nikafanyiwa kiretaji, yaani kusafishwa kizazi, kwenye kituo kimoja cha afya, kisha nikashikwa na homa kali na maumivu ya chini ya tumbo. Tangu hapo sijashika mimba tena.

Nimeombewa, nimefunga, nimekunywa dawa za miti za kila aina. Mwaka jana munganga, daktari wangu, akanituma kupiga picha ya mirija. Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani, nikaishika ile filamu mbele ya dirisha. Kizazi kinaonekana cheupe katikati, upande wa kulia hakuna kitu, upande wa kushoto kuna mfuko umevimba. Karatasi ya Kifaransa inasema mrija wa kulia umeziba, na wa kushoto una hydrosalpinx. Munganga akaniambia hakuna njia nyingine ila FIV, mtoto wa maabara, na kwamba nijipange kwenda nje.

Bwana yangu hajapimwa chochote. Ana binti aliyezaa kabla hatujajuana, leo binti huyo anasoma chuo kikuu. Nikitaja vipimo ananijibu: "Mimi nina mtoto, shida iko kwako." Mama mkwe naye amefika mpaka kusema mbele yangu, tukiwa mezani tunakula bukari, ugali wetu, kwamba mwanawe bado ni kijana na wanawake hawajaisha. Bwana yangu hakusema neno, akaendelea kumega. Kule kunyamaza kuliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Sasa kuna ndugu mmoja tunayesali naye, anapeleka wagonjwa India. Ametutumia paketi kwa WhatsApp: dola 3,500, wiki mbili, kila kitu ndani, matokeo ya uhakika. Anasema tukiongeza dola 1,500 tutachagua mapacha, mvulana na msichana. Anataka kianzio cha dola 1,000 kabla mwezi haujaisha, na hakirudishwi. Pesa hiyo hatuna mkononi. Tunayo lupango upande wa barabara ya Kasumbalesa, bado haijajengwa, na kuna mtu yuko tayari kutupa dola 9,000. Bwana yangu amekubali tuuze. Ndiyo mara ya kwanza anakubali kitu chochote katika jambo hili, naogopa nikisita atageuka.

Jirani yangu alienda Kampala, leo mtoto wake anatembea. Wengine wanasema madaktari wakubwa wako Johannesburg. Mama, tuuze? Na twende wapi?

Mwenye vitenge, Lubumbashi

*

Mwanangu mwenye vitenge,

Msiuze lupango mwezi huu, na huyo ndugu msimpe hata dola moja. Sisemi hivyo kwa kukukatisha tamaa. Naamini mnaweza kwenda nje na mkarudi na mimba. Ila nataka muondoke Lubumbashi mkiwa na vipimo vyote mkononi, na pesa ya kwenda mara mbili.

Nianze na habari njema, maana barua yako ina huzuni nyingi. FIV ilibuniwa kwa ajili ya wanawake wenye shida hiihii yako. Lesley Brown, mama wa Uingereza aliyemzaa Louise Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo, mirija yake ilikuwa imeziba. Madaktari walichukua yai kwenye ovari yake, wakalikutanisha na mbegu ya mumewe maabarani, na kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, kikarudishwa kizazini. Mirija haihitajiki kabisa katika kazi hiyo. Munganga wako amekuelekeza vizuri. Na wala usijione umetengwa na Mungu peke yako: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake, kwenye nchi tajiri na kwenye nchi maskini.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Nimeisoma sentensi yako ya mrija wa kushoto mara kadhaa, na ndiyo inayonifanya nikuzuie. Hydrosalpinx maana yake mrija huo umejaa maji. Maji hayo huvuja kidogo kidogo kuingia kizazini, na kiinitete kikiwekwa mahali penye maji hayo mara nyingi hakishiki. Tafiti zimeonyesha kwamba mwanamke mwenye mrija wa aina hiyo hupoteza karibu nusu ya nafasi yake ya kushika mimba kwa FIV, na kwamba mrija ukitolewa, au ukifungwa pale unapoungana na kizazi, kabla ya kiinitete kuwekwa, nafasi hiyo inarudi. Kwa kawaida hufanywa kwa upasuaji wa kamera, selioskopi, na baada yake mwili unahitaji muda wa kupona. Kliniki nyingine hutoa mayai kwanza, zikagandisha viinitete, mama akafanyiwa upasuaji, akarudi baadaye kuwekewa. Kwa vyovyote vile, haiwezekani yote hayo yaishe kwa wiki mbili. Aliyewauzia wiki mbili hajaiona filamu yako. Au ameiona, na hakujali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza iko hapahapa mjini. Rudi kwa daktari wa wanawake, umuulize waziwazi: huu mrija wa kushoto tunaufanya nini kabla ya FIV? Nani hapa anafanya selioskopi, na kwa pesa ngapi? Bwana yako aulize hospitali inayotibu wafanyakazi wa kampuni yao kama inalipia vipimo na upasuaji wa mke. FIV wanaweza wasilipe, lakini upasuaji wa mrija wenye ugonjwa ni matibabu ya kawaida. Daktari huyohuyo akuandikie kipimo cha AMH, kinachoonyesha ovari zako zimebakiza akiba gani ya mayai, pamoja na ekografia, ile picha ya tumbo kwa mashine, na vipimo vya homoni, TSH na prolaktini. Nyote wawili mpime virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa sababu kila kliniki itavidai, tena vya karibuni. Mpime na elektroforesi ya damu. Kwetu Kongo wanaobeba chembe ya ugonjwa wa SS, yaani selimundu, bila kuugua ni wengi sana, na kama nyote wawili mnaibeba, daktari anatakiwa kujua kabla hajatengeneza kiinitete.

Halafu bwana yako. Hapa nitasema wazi, na ukitaka umsomee. Mwili wa mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kukamilika. Mbegu zilizompa binti wa chuo kikuu ni za miaka ishirini nyuma. Haziwezi kueleza hali yake ya leo. Katikati hapo mtu anaweza kupata maambukizi, au mishipa ya korodani ikavimba, au akatumia sindano za testosteroni akidhani zinaongeza nguvu, kumbe zinazuia mbegu kutengenezwa. Na kazi ya madini ina yake pia: madini ya risasi, yaani plomb, yakiingia mwilini huharibu mbegu, na utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto wa baba wanaofanya kazi ya madini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Simtishi. Namwomba tu amwambie daktari anagusa nini kazini. Katika karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, upande wa mwanaume unachangia.

Usimwambie "nenda kapimwe tujue kosa ni la nani," hatakwenda. Mwambie habari ya pesa. Bila spermogramu, yaani kipimo cha mbegu za mwanaume, kliniki haiwezi kukupa bei ya kweli, kwa sababu mbegu zikiwa chache au dhaifu inabidi mbegu moja idungwe ndani ya yai kwa sindano, njia inayoitwa ICSI, ambayo wataalamu wa Brussels waliitangaza mwaka 1992, na sehemu nyingi inalipiwa pembeni. Sasa fikirini mmefika Delhi, mmeuza lupango, wewe umechomwa sindano siku kumi mayai yametoka, ndipo maabara inaleta habari kwamba mbegu hakuna. Kipimo hicho kinafanyika hapa Lubumbashi kwa pesa ambayo haikaribii hata tiketi moja ya ndege. Akirudi mwisho wa mwezi, mkae kati ya siku mbili na saba bila kukutana, kisha aende maabara asubuhi. Kama anaona aibu kutoa kule, atoe nyumbani, kichupa akiweke karibu na mwili kisipoe, kifike ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, yarudiwe baada ya miezi mitatu hivi kabla ya mtu yeyote kulia.

Huyu ndugu wa paketi naye. Sina haja ya kumwita mwizi. Nakuambia tu kwamba anachowaahidi hakipo. Hakuna daktari duniani mwenye FIV ya uhakika. Uingereza, ambako mamlaka ya serikali hukusanya hesabu za kliniki zote, kwa wanawake walio chini ya miaka 35 karibu theluthi moja tu ya viinitete vinavyowekwa ndivyo vinavyofika kuzaliwa, na kwa mama wa miaka 43 ni vichache kabisa. Wewe una 36, nafasi yako bado ni nzuri, lakini uwezekano wa safari ya kwanza kutoshika ni mkubwa kuliko wa kushika. Na hiyo habari ya kuchagua mvulana na msichana, India imekataza kwa sheria ya mwaka 1994. Ni kosa la jinai. Kule hata ukipigwa ekografia ukiwa mjamzito, daktari haruhusiwi kukuambia jinsia. Dola 1,500 anazotaka ni za kuwatia kwenye uhalifu katika nchi ya wageni, au ni za kuliwa tu.

Chukueni ile karatasi ya WhatsApp muisome polepole, kalamu mkononi. Anaposema "kila kitu ndani", je, sindano za kukuza mayai zimo? Ndizo zinazokula pesa nyingi, na kila mwanamke anahitaji kipimo chake. ICSI imo? Dawa ya usingizi? Kugandisha viinitete vinavyobaki, na kodi ya kuvitunza kila mwaka? Nyumba ya kulala, mkalimani, tiketi ya kubadilishwa tarehe daktari akisema subirini? Mwambieni awape jina la hospitali, jina la daktari, na bei iliyotoka hospitalini yenyewe. Tangu sheria ya mwaka 2021, kila kliniki ya uzazi India lazima iandikishwe kwenye daftari la taifa, basi ombeni namba yake. Na pesa iingie kwenye akaunti ya hospitali, na risiti. Akikataa hayo, mmeshajua.

Umeniuliza wapi. India siidharau, ina kliniki nyingi zenye ujuzi na bei ya FIV yenyewe ni ndogo ukilinganisha na Ulaya, achilia mbali Marekani, ambako mara nyingi inapita dola 12,000 kabla ya dawa. Lakini kwa hali yenu, ningeanza kutafuta karibu. Kampala mtoto wa kwanza wa FIV alizaliwa 2004, Nairobi 2006, na Afrika Kusini wanafanya kazi hii tangu 1984. Lusaka nako kuna kliniki, na kule mnafika kwa basi kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwenda mara ya pili Lusaka au Kampala ni safari. Kwenda mara ya pili India ni tiketi mbili mpya, viza mbili mpya na mwezi mwingine bila soko. Halafu Nairobi, na hata Kampala, utampata muuguzi wa kukueleza kwa Kiswahili unachosaini, maana fomu za kukubali matibabu ni nyingi, zote kwa Kiingereza, na zinaamua mambo mazito: viinitete vingapi viwekwe, vilivyobaki vifanywe nini, mmoja wenu akifariki itakuwaje.

Na kuna jambo watu hawapendi kulisema. AMH yako ikitoka chini sana, daktari anaweza kushauri yai la mwanamke mwingine. India si rahisi kupata mtoaji Mwafrika. Kama mtafika huko, na kama mtakubaliana, ni afadhali Kampala, Nairobi au Johannesburg.

Nenda kwa jirani yako mchana, mkiwa wawili. Usimuulize tu kama ilifaulu. Muulize mwishoni alilipa jumla gani, na ni kitu gani hakuambiwa mwanzoni. Kisha tuma vipimo vyenu kwa kliniki mbili au tatu, kila moja ikuandikie bei kamili. Chukua bei hiyo, ongeza safari na malazi, zidisha kwa mbili. Hesabu hiyo ikiingia ndani ya dola 9,000, basi uzeni lupango, kwa wakati wenu, kwa mnunuzi mtakayemchagua, na nusu ya pesa isiguswe. Isipoingia, punguzeni safari au wekeni akiba kwanza, hata kwa likelemba ya sokoni, yaani upatu. Ila msikae miaka. Mayai hayakusubiri. Vipimo ndani ya miezi miwili, mrija ushughulikiwe, na safari iwe kabla hujafika 38.

Mkienda, angalia haya. Chanjo ya homa ya manjano: kadi ya zamani bado inafaa, tangu Julai 2016 ni ya maisha yote. Ukiipoteza na kuchanjwa upya, cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi, na India wanaweza kumweka karantini mtu anayetoka Kongo bila hicho cheti. Chanjo hiyo ina virusi hai, kwa hiyo ichomwe angalau mwezi mmoja kabla ya kuwekewa kiinitete. Dawa nyingi za sindano hukaa kwenye baridi ya friji, basi usizibebe kuja kuzianzia nyumbani kwenye delestaji, umeme unapokatwa. Baada ya mayai kutolewa, tumbo likivimba haraka, ukitapika, pumzi ikawa fupi, mkojo ukapungua, rudi hospitali usiku huohuo, usipande ndege. Wakitaka kukuwekea viinitete vitatu ili "ishike", kataa. Omba kimoja. Najua mapacha ni furaha kwenye picha, lakini mimba ya mapacha huleta presha na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na kumlea mtoto wa kilo moja hospitalini kutamaliza pesa ambayo hata hamjaipata.

Ukirudi, endelea na progesteroni, dawa ya kusaidia mimba ishike, kama ulivyoandikiwa, beba ya kutosha. Kipimo cha damu cha mimba hufanywa kama wiki mbili baada ya kuwekewa, na kinarudiwa baada ya saa 48. Kikiwa kizuri, ekografia ya wiki ya sita au ya saba usiikose kwa sababu yoyote, maana mwenye mirija iliyoumia anaweza kupata mimba nje ya kizazi hata kwa FIV, na hiyo huua.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu yeye si kazi yako. Ni mama wa bwana yako, na ni bwana yako anayepaswa kumjibu. Mwambie ana kwa ana, siyo kwa simu ya Kolwezi, kwamba siku ile ya bukari kilichokuumiza ni yeye kunyamaza. Mkubaliane kabla ya kuuza chochote: ikishindikana mara mbili, mtafanya nini? Mtalea mtoto wa ndugu? Mtabaki wawili? Jibu lake ulisikie mapema, kabla hujachomwa sindano hata moja. Na majibu ya vipimo yakitoka, yawe yako, yawe yake, yabaki ndani ya nyumba yenu. Kwa mama yake aseme neno moja tu: "Mama, tunatibiwa, mimi na mke wangu."